Shajara ya mradi: majina ya kompyuta kwenye mtandao wa shule

Jumatatu, kabla ya vipindi

Mkuu wa shule ametia saini. Kazi yenyewe ni hii: kila kompyuta iliyoungwa kwenye mtandao wa shule iwe na jina lake peke yake, na mtu yeyote akilitaja jina hilo, mwalimu au mwanafunzi, apelekwe kwenye mashine ileile leo, kesho na mwakani. Hali ya sasa ni tofauti kabisa. Mwalimu wa taaluma akiifuata folda ya mitihani kwenye MAABARA, siku nyingine anaipata, siku nyingine anakuta folda tupu, na siku nyingine anaambiwa hakuna mashine yenye jina hilo. Walimu wamezoea kuzima na kuwasha mpaka ikubali. Mtihani wa watoto hauwezi kutegemea bahati ya namna hiyo.

Saini ya Mkuu niliitaka kwenye karatasi, siyo kwa mdomo. Kuziuliza mashine majina yake ni jambo dogo, lakini mbele ya safari nitanasa paketi, yaani vipande vya data, zinazopita kwenye waya, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya kompyuta au kuingia kwenye mfumo bila idhini. Atakayefuata hatua hizi kazini kwake aanze na ruhusa.

Sijaanza kwa kuzunguka vyumbani na daftari. Vibandiko vilivyo kwenye mashine vinaeleza hali ya siku vilipobandikwa. Nataka mashine zenyewe ziseme zinajiitaje sasa hivi. Zana ya kwanza ni nbtscan, programu ndogo ya terminali: haina dirisha wala vitufe, unaiandikia amri, inakujibu kwa mistari ya maandishi. Nimeiweka kwenye laptopu yangu yenye Ubuntu, aina ya Linux, na kuchomeka kebo kwenye swichi ya maabara, kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao.

    sudo apt install nbtscan
    nbtscan 192.168.10.0/24

Ile /24 inaiambia ipite anwani zote, yaani namba zinazotambulisha mashine kwenye mtandao, kuanzia 192.168.10.1 hadi 192.168.10.254, na kila moja iipelekee swali kupitia UDP poti 137, mlango wa maswali ya majina. Majibu yalifika ndani ya sekunde chache. Haya ni baadhi yake, safu ya anwani za MAC, namba za kiwandani za vifaa vya mtandao, nimeiondoa:

    192.168.10.5     HAZINA           <server>  <unknown>
    192.168.10.12    MAABARA          <server>  <unknown>
    192.168.10.31    DESKTOP-7K2QF9M  <server>  <unknown>
    192.168.10.33    OFISI_TAALUMA    <server>  <unknown>
    192.168.10.40    NPI4C21D8                  <unknown>

Neno <server> linaonyesha mashine inayogawa mafaili. Safu ya mwisho ilikuwa ya jina la mtumiaji. Ilijazwa na huduma ya ujumbe ya Windows, ambayo Microsoft iliizima kwenye Windows XP SP2 mwaka 2004, kwa hiyo siku hizi haina kitu.

NPI4C21D8 ni printa ya HP: NPI, kisha tarakimu sita za mwisho za anwani yake ya MAC. Ndilo jina ililotoka nalo kiwandani. DESKTOP-7K2QF9M ni Windows 10 iliyojipa jina siku ilipowekwa. Ukihesabu herufi zake utapata 15, na idadi hiyo ina sababu. Mfumo unaojibu maswali haya ni NetBIOS, uliotengenezwa mwaka 1983 na kampuni ya Sytek kwa ajili ya mtandao wa kompyuta za IBM. Jina la NetBIOS lina baiti 16: 15 za jina lenyewe, na ya mwisho ni alama ya huduma. Alama 00 ni mashine yenyewe, 20 ni kugawa mafaili, 1D ni ile inayotunza orodha ya wenzake. Ukubwa uliopangwa kwa kompyuta za enzi hizo ndio unaoamua hadi leo urefu wa jina la kompyuta mpya ya dukani.

Jumanne

Leo nimeingia kwenye kiini cha tatizo la MAABARA. Kompyuta za maabara zote ziliwekwa Windows kwa kunakili diski moja. Fundi aliandaa mashine moja vizuri, akaipa jina MAABARA, kisha akaimwaga nakala ile kwenye nyingine zote. Kwa programu na mipangilio ni njia nzuri, inaokoa muda mwingi. Ila jina nalo lilinakiliwa.

Nimeuliza kwa nmblookup, zana inayokuja na Samba, programu inayoiwezesha Linux kugawa mafaili kwa njia ya Windows. Tofauti yake na nbtscan ni upande wa kuuliza: nbtscan huiuliza anwani jina lake, nmblookup huuliza mtandao mzima nani mwenye jina fulani.

    $ nmblookup MAABARA
    192.168.10.12 MAABARA<00>

Mchana umeme ulikatika, ukarudi baada ya muda mfupi. Kompyuta zikawashwa upya, kila mwanafunzi akibonyeza ya kwake. Nikarudia amri ileile:

    $ nmblookup MAABARA
    192.168.10.19 MAABARA<00>

Hapo ndipo ilipo folda tupu ya mwalimu wa taaluma. Utaratibu wa NetBIOS umeelezwa kwenye RFC, hati za kiufundi za mitandao, namba 1001 na 1002 za Machi 1987, na kwenye mtandao usio na seva ya majina ni huu: mashine ikiwaka hutangaza kwa wote kwamba inataka jina fulani. RFC 1002 inapanga tangazo lirudiwe mara 3, kwa nafasi ya milisekunde 250. Asipotokea wa kupinga, jina limechukuliwa. Akitokea mwenye jina hilo tayari, anajibu kwamba lina mwenyewe, na aliyekuja nyuma analikosa. Chini ya sekunde moja inatosha kuamua nani awe MAABARA siku hiyo, na anayeamua ni kidole cha mwanafunzi aliyewahi kubonyeza.

Kwenye mashine iliyoshindwa nimefungua dirisha la amri la Windows na kuandika nbtstat -n. Mbele ya jina MAABARA, kwenye safu ya hali, limeandikwa Conflict. Mashine yenyewe inajua kwamba imenyimwa jina; ni watu wasiojua, kwa sababu ilani hutokea pembeni ya skrini sekunde chache na wanafunzi huifunga.

Nimemwita mwalimu wa taaluma aje aone kwa macho yake. Akasoma mistari miwili ya nmblookup, 12 kisha 19.

“Kwa hiyo siku zote nilikuwa naingia kwenye kompyuta tofauti?”

“Ndiyo, Mwalimu. Jina lilikuwa moja, mashine ziko nyingi.”

“Na ile mitihani ya Machi niliyoitafuta mpaka nikakata tamaa?”

Tumeitafuta pamoja, mashine kwa mashine, kwa anwani badala ya jina. Imepatikana kwenye 192.168.10.22. Tumeinakili kwenye HAZINA, mashine ya kuhifadhia mafaili, kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Jumatano

Kipindi cha TEHAMA cha kidato cha tatu nimekitumia kuwaonyesha wanafunzi paketi yenyewe. Nadharia ya mitandao wanaisoma kila muhula, lakini wengi hawajawahi kuona swali likipita kwenye waya. Nimeunga laptopu kwenye projekta na kufungua terminali mbili, moja ya kusikiliza na moja ya kuuliza.

    sudo tcpdump -ni eth0 -X udp port 137

Terminali ya pili nikaendesha nbtscan kwa anwani moja tu. Kwenye skrini ikatokea paketi yenye ujumbe wa baiti 50. Tumezihesabu pamoja ubaoni: 12 za kichwa, 34 za jina, 2 za aina ya swali, 2 za daraja lake. Na kwenye jina ikasomeka hivi:

    CKAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAAA

Darasa lilishangaa, maana tuliuliza kwa alama ya nyota, kwamba yeyote aliye kwenye anwani hii ajitaje. Nyota imeenda wapi? Hapa ndipo nilipotaka wafike. NetBIOS ilipoletwa juu ya TCP/IP, lugha ya intaneti, maswali yake yalipangwa kwa umbo la maswali ya DNS, mfumo wa majina wa intaneti, na majina yakahitaji kusafiri kama herufi za kawaida. Kwa hiyo kila baiti hugawanywa nusu mbili za biti 4, na kila nusu hugeuzwa herufi kuanzia A ya sifuri hadi P ya 15. Nyota kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16, ni 2A. 2 inakuwa C, na A ambayo ni 10 inakuwa K. Baiti 15 zinazobaki ni sifuri tupu, kila moja AA. Jumla ni herufi 32.

Nikawapa kazi: andikeni MAABARA jinsi itakavyoonekana kwenye waya. Binti mmoja wa dawati la nyuma alimaliza kabla sijafuta ubao, akaja mbele akaandika ENEBEBECEBFCEB, kisha CA zinazofuatana kujaza nafasi tupu, na CA ya mwisho kwa alama 20.

“Mwalimu, ya mwisho si nafasi tupu,” akaongeza, “ni alama ya kugawa mafaili, zimelingana tu kwa sababu zote ni 20.”

Hilo hata kwenye maandalizi ya kipindi sikuwa nimepanga kuligusa. Tukaendesha nmblookup MAABARA#20 na herufi zake zikatokea kwenye tcpdump vilevile alivyoziandika. Kipindi kikaisha, hawakutoka.

Alhamisi

Leo nimewafuata walio kimya. Orodha ya nbtscan ni fupi kuliko orodha ya taa zinazowaka kwenye swichi. Amri ip neigh, baada ya kuipigia kila anwani ping, yaani kuiuliza kama ipo, imenionyesha anwani nyingi zilizo hai ambazo hazikujibu swali la NetBIOS.

Kompyuta za maktaba zina Ubuntu bila Samba, hivyo hazizungumzi NetBIOS kabisa. Hizi zinatumia mDNS, iliyoelezwa kwenye RFC 6762 ya mwaka 2013: maswali yanakwenda kwa kundi la anwani 224.0.0.251, poti 5353, na majina yanaishia na .local. Nimeziuliza kwa lugha yao:

    avahi-resolve -a 192.168.10.41
    avahi-browse -at

Zote zikajibu. Printa nayo ikajitokeza tena huku, maana printa za siku hizi hujitangaza kwa njia zote mbili.

HAZINA imenipa jambo dogo ninaloliandika kwa ajili ya atakayenifuata. Ukiiuliza kwa nmblookup -A, inajibu vizuri lakini anwani yake ya MAC inatokea sifuri tupu, 00-00-00-00-00-00. Hitilafu haipo. Samba ndivyo inavyojibu. Ukiona sifuri hizo kwenye mtandao usioufahamu, jua kwamba nyuma ya jina hilo kuna Samba, yaani mara nyingi Linux au kisanduku cha kuhifadhia mafaili, siyo Windows.

Aliyebaki ni mhasibu. Laptopu yake ipo kwenye waifai, ping inafika, lakini poti 137 kimya. Nikaenda ofisini kwake, nikamwamkia na kumweleza ninachotafuta.

“Mwalimu,” akasema, “hii ndiyo yenye ada za watoto wote. Sitaki ijibu mtu.”

Na hivyo ndivyo ilivyopangwa. Windows imeuweka mtandao wetu kwenye kundi la mitandao ya umma, na kwenye kundi hilo faiwoli haipokei maswali ya NetBIOS. Nimeiacha ilivyo. Mashine ya fedha haina sababu ya kumjibu kila anayeuliza, na mimi nina njia nyingine ya kuijua: ilipoomba anwani kwa DHCP, utaratibu wa kugawa anwani, ilitaja jina lake yenyewe, na rauta inaliandika kwenye orodha yake. Nimelisoma pale.

Ijumaa

Hadi hapa nimekuwa nikiuliza mashine zenyewe, na kila jina nililopata ni dai la mwenye nalo. NetBIOS, mDNS na DHCP zote zinapokea anachosema aliyeulizwa. Swali la leo ni lingine: je, shule yenyewe, kwa maana ya seva ya DNS tunayoitumia, inamjua nani?

    dig -x 192.168.10.12

Chaguo -x linageuza anwani nyuma mbele na kuuliza 12.10.168.192.in-addr.arpa. Jibu limekuja NXDOMAIN, hakuna. Lakini sehemu ya chini ya jibu ndiyo iliyonishughulisha asubuhi nzima:

    168.192.in-addr.arpa. ... SOA prisoner.iana.org. hostmaster.root-servers.org. ...

Mstari huo unataja seva iliyo nyuma ya jibu, nayo si ya kwetu. Maana yake ni kwamba swali kuhusu kompyuta iliyo hatua chache kutoka mezani kwangu limetoka nje ya shule. Rauta yetu haina majina yoyote, kwa hiyo kila isichokijua inakipeleka kwa mtoa huduma, na huko nako linasukumwa mbele hadi kwenye seva za mradi uitwao AS112, zilizowekwa duniani kote kwa kazi hii tu: kupokea maswali yaliyopotea ya anwani za ndani na kuyajibu kwamba hakuna, yasizilemee seva kuu. Anwani za 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani na RFC 1918 ya mwaka 1996, hazina mwenyewe kwenye intaneti. Nchi hii bado inalipia bando kwa uchungu, na sisi tulikuwa tunatumia sehemu yake kuuliza ng’ambo kompyuta ya maktaba inaitwaje.

Jambo la msingi zaidi ni kwamba shule haina kumbukumbu yake. Zamani mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, nao ulikuwa na faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na kituo cha SRI huko California, na kila mwenye kompyuta alilipakua nakala. Lilipozidi kukua ndipo Paul Mockapetris akaandika DNS, mwaka 1983, ili kila taasisi itunze majina yake na kuyajibia. Hicho ndicho tunachokosa: mtu wa kuyajibia. Mashine zinajitaja, hakuna anayezipa majina.

Wiki ya pili: majina

Kabla ya kuweka seva, majina yenyewe. Nimetumia muda mwingi hapa kuliko nilivyotumia kwenye amri zote, na naona ulistahili.

Pendekezo la kwanza ofisini lilikuwa namba: maabara-01, maabara-02, kuendelea. Hoja ni nzuri, mtu anajua aende kiti gani. Lakini kompyuta za maabara zinahama. Moja ikiharibika, nyingine inaletwa mahali pake kutoka mstari wa nyuma, na baada ya mwaka 07 iko kati ya 12 na 13, na namba inamdanganya anayeitafuta. RFC 1178, ya Agosti 1990, iliandikwa kwa ajili ya watu wenye kazi hii hasa, kuchagua jina la kompyuta, na ushauri wake haujachuja: usitumie jina lako mwenyewe, usiipe mashine jina la mradi inaofanya leo, usitumie majina marefu, epuka tahajia zenye utata, chagua kundi moja la majina lenye nafasi ya kukua.

Tumechagua miti. Wanafunzi wameleta orodha ndefu kuliko mashine tulizonazo: mninga, mvule, mpingo, mbuyu, mkorosho, mwarobaini, mfenesi, mchungwa, msonobari, mkangazi, mzambarau, mkomamanga. Kiswahili kinafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa maandishi yake hayana alama juu ya herufi, na mtu akilisikia jina anaweza kuliandika bila kuuliza. Yote yameingia ndani ya herufi 15.

Kisha tukayachuja kwa sikio. Majina haya yatatajwa kwa sauti kwenye chumba chenye feni na watoto arobaini, kwa hiyo mkuyu na mkungu hayawezi kukaa pamoja, tumebaki na mkuyu. Mpera na mpira likaleta ubishi, mpera ukatolewa. Mnazi umekaa, mnanasi haukuwahi kuwa mti. OFISI_TAALUMA nayo lazima ibadilike, kwa kuwa mstari wa chini unakubalika NetBIOS lakini haufai kwenye jina la kompyuta la DNS, ambako ni herufi, tarakimu na kistari tu. Kompyuta za ofisi zimepewa majina ya milima: meru, hanang, rungwe, uluguru. HAZINA imebaki HAZINA, walimu wameshaizoea na inaeleza kilichomo.

Kwa kikoa, yaani sehemu ya mwisho ya majina yetu yote, .local sikuitaka, hiyo ni ya mDNS na zingegongana. Mwaka 2024 ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, ilitenga .internal kwa matumizi ya ndani ya taasisi, haitauzwa wala kusajiliwa kwenye intaneti. Kwetu itakuwa shule.internal.

Wiki ya pili, Alhamisi: seva

Nimeweka dnsmasq kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo, iliyokuwa stoo. Programu hii inagawa anwani na kujibu majina kwa pamoja, ndiyo inayoifaa taasisi ndogo: mashine ikipewa anwani, jina lake linaingia kwenye DNS papo hapo. Pi yenyewe inatumia umeme mdogo, betri ya akiba ya ofisini inaibeba umeme ukikatika.

    domain=shule.internal
    local=/shule.internal/
    expand-hosts
    domain-needed
    bogus-priv
    dhcp-range=192.168.10.100,192.168.10.200,12h
    dhcp-host=<anwani ya MAC>,mninga,192.168.10.61
    dhcp-host=<anwani ya MAC>,mvule,192.168.10.62

Mstari ninaoupenda ni bogus-priv. Huo unazuia maswali ya anwani za ndani yasitoke kwenda nje, ndio mwisho wa safari za kwenda AS112. Na dhcp-host ndiyo inayogeuza mamlaka: jina halitoki tena kwa mashine, linatoka kwenye faili hili, kwa kufuata anwani ya MAC. Mashine ijiite vyovyote, mtandao utaitambua kwa jina ililopewa.

DHCP ya rauta imezimwa jioni, watu wakiwa wameondoka, kabla ya kuwasha ya Pi. Mtandao mmoja ukiwa na wagawaji wawili wasiojuana, anwani zinagongana na kutafuta chanzo ni kazi ya siku nzima.

Wiki ya pili, Ijumaa

Kwenye kila mashine ya maabara, PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, ikiwa na ruhusa za msimamizi:

    Rename-Computer -NewName mninga -Restart

Wanafunzi wa klabu ya kompyuta wamefanya nusu ya maabara wenyewe, wawili wawili, mmoja anaandika na mwenzake anasoma MAC na kukagua jina kwenye orodha. Kisha uhakiki kutoka kwenye laptopu yangu:

    $ dig +short mninga.shule.internal
    192.168.10.61
    $ dig +short -x 192.168.10.61
    mninga.shule.internal.

Jina linatoa anwani, anwani inatoa jina, na vinakubaliana. Nimefanya hivyo kwa kila mashine kwenye orodha, pande zote mbili. Upande wa pili watu huusahau, na ndio unaosaidia zaidi siku unaposoma kumbukumbu za seva na unachokiona ni anwani tupu.

Mchana umeme ukakatika tena. Mashine zikawashwa ovyo kama kawaida. Majina yote yakarudi palepale.

Folda ya mitihani sasa iko HAZINA, kila mwalimu ana nywila yake. Mwalimu wa taaluma ameifungua mwenyewe kwa \\hazina.shule.internal\mitihani, akaifunga, akaenda kuifungua tena kwenye kompyuta nyingine ya ofisi ya walimu.

Wiki ya tatu

Baada ya DNS kukaa sawa nimeanza kuizima NetBIOS kwenye kompyuta za Windows, pamoja na LLMNR, ndugu yake mdogo wa poti 5355. Zana iliyonisaidia wiki ya kwanza ilifanya kazi kwa sababu mashine hizi humwamini yeyote anayejibu. Mashine ikitangaza “HAZINA ni nani?” kwenye mtandao, mtu mwenye nia mbaya aliye na laptopu chumbani anaweza kujibu “ni mimi”, na mwalimu akajikuta ameipelekea mashine hiyo uthibitisho wa nywila yake. Njia hii inajulikana sana na zana zake zinapatikana bure. Kugawa mafaili hakutegemei tena NetBIOS, tangu Windows 2000 kunapita moja kwa moja kwenye TCP poti 445. Dnsmasq inaweza kuziamuru mashine za Windows kupitia DHCP ziizime, na nimelitumia chaguo hilo. LLMNR nimeizima kwa mkono kwenye sera za kila mashine.

Leo nimeendesha nbtscan kwa mtandao mzima. Imejibu HAZINA na printa tu. Printa nitaizimia NetBIOS kwenye ukurasa wake wa mipangilio, na HAZINA inasubiri kompyuta moja ya zamani ya stoo ibadilishwe, maana ndiyo pekee inayoifikia kwa njia hiyo.

Yaliyobaki: kadi ya pili ya SD yenye nakala kamili ya Pi, ikae kwenye kabati la Mkuu pamoja na orodha iliyochapwa ya majina, MAC na anwani. Hati fupi ya amri, inayojiendesha yenyewe, itakayounganisha orodha ya DHCP na nbtscan kila Jumatatu, ionyeshe mashine yoyote isiyo na mti wala mlima. Na kompyuta za maktaba, ambazo bado zinajitangaza kwa .local, hizo tunazipa majina wiki ijayo, na klabu imeshachagua mito.